Mbuzi Ambaye Hatukumla

Mkono wa mdogo wangu niliuzika mimi. Katika hospitali ya misheni kule Kisinga walinikabidhi ukiwa umefungwa kwa kitambaa cha kijani ndani ya boksi la dripu, na muuguzi akaniuliza kama nina mtu wa kunisaidia kubeba. Nilimwambia si mzigo. Nikapanda boda boda mpaka Bwera, nimelipakata boksi mapajani. Njiani dereva aliuliza kama nimenunua vifaranga. Nikasema ndiyo.

Nilichimba shimo kando ya kaburi la mama, nyuma ya migomba, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kuuweka. Sikumwita katekista. Hakuna sala niliyoijua ya kuzika mkono wa mtu ambaye bado yu hai, basi nilisali Baba Yetu, nikafukia, nikakanyaga udongo ukashikana. Nilipogeuka kurudi nyumbani ndipo nilipomwona mbuzi.

Alikuwa amefungwa kwenye mparachichi mbele ya jiko, jike jeusi mwenye sikio moja jeupe, akitafuna maganda yetu ya ndizi kana kwamba amezaliwa hapo. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, alikuwa ameketi kibarazani.

"Pole na safari, mwanangu," alisema. "Bosi wa mdogo wako amekuja mwenyewe. Kwa miguu yake. Amemleta huyu."

"Wa nini?"

"Usiulize kama mtoto. Wa kumaliza maneno."

Kwetu, mtu akimdhuru mwenzake bila kukusudia, huleta mbuzi. Mbuzi huchinjwa, nyama hupikwa katika sufuria moja, na pande mbili hukaa pamoja na kula, aliyedhuru na aliyedhuriwa, kila mmoja akitia mkono wake wa kulia mahali mwenzake alipotia. Baada ya hapo jambo limekwisha. Hulitaji tena kanisani wala sokoni. Ni desturi nzuri. Nimeiona ikiwazuia watu kukatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Lakini inataka aliyeumizwa awepo, na ale. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa kitandani Kisinga, akiniuliza kila nikimtembelea kwa nini vidole vya mkono wa kulia vinamwasha.

"Umempokea wewe?" nilimuuliza baba mdogo.

"Ningefanyaje? Nimwache bosi amesimama na kamba mkononi kama mchunga mbuzi?"

"Basi atakaa hapo alipo. Hatachinjwa."

"Wewe ni mwanamke."

"Ndiyo, baba mdogo. Na mbuzi hatachinjwa."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuishi na mbuzi wa bosi.

Mimi ni wa kwanza kuzaliwa. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata, nami nikaacha shule ya msingi kabla ya mtihani wa mwisho kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na watatu: mdogo wangu huyu wa kike, na wengine wawili waliokuwa bado wanalala na mama. Nililima kahawa za watu, nikabeba maboga sokoni Mpondwe, nikawalea. Mdogo wangu alipokua alikataa nimlishe peke yangu. Alikwenda kuomba kazi katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapo Bwera.

Kukiita kiwanda ni heshima tu. Ni banda la mabati, mashine ya kukobolea katikati, injini ya umeme pembeni, na mkanda mrefu wa mpira unaounganisha viwili hivyo. Wanawake hukaa sakafuni wakichambua kahawa, nyeusi huku, iliyovunjika kule. Mashine ikizunguka, vumbi la makapi hujaa bandani mpaka mtu aliye mlangoni humwoni. Hawakupewa kitu cha kuziba pua. Kila mmoja alijifunga alichokuwa nacho nyumbani, na mdogo wangu alijifunga leso ya mama.

Leso hiyo ni lazima niieleze. Mama alipokufa tuligawana vitu vyake: mimi jembe, wadogo sahani, mdogo wangu msalaba wa ukutani. Leso haikugawanyika. Ilikuwa ya manjano, imefifia, yenye mstari mwekundu pembeni, na ndiyo iliyotubeba mgongoni sote wanne. Tukawa tunaivaa kwa zamu. Alipopata kazi nilimwachia moja kwa moja, naye aliizungusha usoni na kichwani na bado kipande kirefu kikabaki kinaning'inia. Wenzake walikata za kwao zikawa fupi. Ile haikukatwa. Hatukulizungumza hata siku moja. Nani angekata?

Siku ya ajali umeme ulikuwa umekatika na mashine imesimama. Makapi yalikuwa yamejaa nyuma ya mashine, na fundi akamwambia mdogo wangu apite kule na ufagio ayatoe. Mkanda ulikuwa wazi, hauna kifuniko. Umeme ukarudi ghafla, ncha ya leso ikashikwa. Aliingiza mkono kuivuta. Mama mmoja Mkongomani, mkimbizi kutoka pande za Beni, aliyekuwa akichambua karibu naye, ndiye aliyeruka na kuzima swichi. Fundi alikuwa nje anapiga simu.

Bosi alikuja hospitali jioni hiyo. Alisimama nami nje ya wodi, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na sitamsingizia: macho yake yalikuwa na machozi. Lakini mdomo ulikuwa unafanya kazi nyingine. "Ni Mungu," alisema. "Umeme ulirudi kwa nguvu, nani angejua?" Halafu akasema, "Na mdogo wako anajua ile mashine. Si mgeni." Halafu, akiwa ameshageuka kuondoka, "Na hizi leso zao ndefu! Nimesema mpaka nimechoka."

Nilikwenda polisi. Afande aliyekuwa zamu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kuna mtu aliyemsukuma?"

"Hapana, afande."

"Kuna mtu aliyemkata makusudi?"

"Hapana."

"Sasa nimkamate nani? Mkanda?" Wenzake wakacheka. Aliponiona sijacheka, alishusha sauti. "Dada, hii si jinai. Mimi nafunga wahalifu. Wewe unataka mtu ajibu kwa madhara, hayo ni madai. Tafuta wakili."

Nilichokitaka kilikuwa kitu kimoja. Mdogo wangu alikuwa ameanza kusema usiku na mchana, "Ningejiangalia." Alisema akiamka, alisema akishindwa kufunga kifungo. Nilitaka mtu mkubwa kuliko bosi aseme kwa sauti, mbele ya watu, kwamba mkono ule haukupotea kwa kosa lake.

Wakili nilimpata Kasese mjini, mwanamke wa kama umri wangu, anayewasaidia wasio na uwezo. Mezani kwake kulikuwa na mafaili mpaka kidevuni. Alinisikiliza, akaniuliza kama nimewahi kuona mtu akichimba choo kando ya njia.

"Nimeona."

"Akichimba, wewe unayepita njia hiyo, anakudai nini?"

"Hanidai kitu."

"Na wewe unamdai nini?"

Nikafikiri. "Kwamba afunike."

"Hiyo ndiyo sheria yenyewe," alisema. "Hata kama hajui jina lako. Anajua kwamba watu hupita, basi ana wajibu wa kufunika. Asipofunika, amevunja wajibu. Ukitumbukia ukavunjika mguu, umepata madhara. Na lazima tuonyeshe umevunjika kwa sababu ya shimo, si kwa sababu ulikuwa unachechemea tangu kwenu. Tukikosa kimojawapo, tumekosa vyote. Haidhuru bosi wenu si mtu mbaya. Hatuulizi kama alikusudia. Tunauliza kama alifanya ambalo mtu mwangalifu angefanya."

Nilitoka kwenye kiti nikitaka kwenda. Nilidhani tumeshinda.

"Kaa," alisema. "Sasa mimi ni wakili wa bosi." Alisukuma mafaili pembeni, akabadilisha sauti kabisa. "Mheshimiwa, umeme ulirudi kwa nguvu isiyotazamiwa. Hiyo ni kazi ya Mungu, si ya mteja wangu."

"Umeme Bwera unakatika kila mvua ikinyesha mlimani!" nilisema. "Nani hatazamii?"

"Vizuri. Mheshimiwa, binti huyu alijua mkanda ni hatari na bado alifanya kazi kwa hiari yake. Aliyeikubali hatari hawezi kuilalamikia."

Ni kweli alijua. Kila mtu alijua.

"Kujua si kukubali," wakili alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mwenye njaa anajua mengi. Lakini wataliuliza, ajiandae. Na wakishindwa hapo, watasema: haya, sisi tumekosa, lakini naye amechangia. Hilo ndilo ninaloliogopa. Halifuti kesi, linakata tu fidia." Akafunga faili. "Kuna kingine?"

Nikamwambia kuhusu mbuzi. Aliinua kichwa.

"Mmemla?"

"Hatujamla."

"Msimle. Hata mchuzi. Mkila, watasema mlishapatana, na sheria inaheshimu mapatano. Mlisheni, mnywesheni, mwacheni azeeke."

Nikiwa ndani ya gari la kurudi Bwera niligundua kwamba hakuna alilolisema kama wakili wa bosi ambalo sikuwa nimelisikia tayari nje ya wodi. Mungu, kujua mashine, leso. Ni yaleyale, yamevishwa suti.

Kumlisha mbuzi ambaye huwezi kumla, mwaka wenyewe mna njaa, ni kazi ya ajabu. Bosi alipopokea barua ya madai, kahawa yetu ilikataliwa pale kiwandani, ikabidi tuibebe mbali. Mama wa Beni alifukuzwa kazi kwa kusema alichokiona. Majirani walipita wakisema, "Mshtakiwa wa kwanza hajambo?" Mwingine aliwauliza wadogo zetu kama mbuzi ndiye wakili, maana ananenepa kuliko mteja wake. Wadogo wakacheka nao, halafu wakaenda kumkatia majani. Mdogo wangu hakucheka. Alikaa kibarazani akijifunza kumenya ndizi kwa mkono wa kushoto, ndizi ameibana kwa magoti.

Krismasi ilipofika mbuzi alikuwa ameshazaa. Baada ya misa, baba mdogo alitokea na kisu kilichonolewa na sufuria mpya.

"Bosi anakuja," alisema. "Nimemwita mimi. Leo ni siku ya Bwana, tunamaliza."

"Baba mdogo, kesi iko mahakamani."

"Mahakama itawapikia? Watazame hao." Alionyesha wadogo, waliokuwa wamesimama upande wa uzio inakotoka harufu ya nyama ya jirani. "Wewe una moyo wa jiwe. Mama yako angekuwa hai angeshachinja."

Nilikwenda nikakaa chini, mgongo kwenye mparachichi, kamba ya mbuzi chini yangu. Kwa kweli niliwatazama wale watoto na nilikuwa karibu kuinuka.

Mdogo wangu ndiye aliyetoka ndani. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, mkono mmoja wa gauni umekunjwa na kufungwa kwa pini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe una akili, mwambie dada yako."

"Namwambia. Achinje." Alikaa kwenye mkeka pale ambapo sufuria ingewekwa. "Lakini nifundishe kwanza. Mbuzi wa kumaliza maneno huliwa kwa mkono gani?"

Baba mdogo aliitua sufuria chini.

"Nitie wa kushoto sufuriani, mbele ya bosi? Ataona ninamtukana. Nifanyeje? Unilishe wewe kama mtoto mchanga? Au twende nyuma ya migomba tukaulete ule mwingine?"

Wadogo waligeuka kutoka kwenye uzio. Kwetu, kumnyooshea mtu chakula kwa mkono wa kushoto ni zaidi ya kukataa kula naye. Baba mdogo alitazama pini kwenye gauni, akatazama kisu chake kana kwamba mtu amemwekea mkononi. Alikwenda akasimama njiani amngojee bosi, na bosi alipofika walizungumza kidogo, wakaondoka pamoja. Sufuria mpya ilibaki kwetu. Tulipikia maharagwe.

Kesi ilisikilizwa kwa vipande vipande, maana leo hakimu yupo, kesho wakili wa bosi ana homa. Niliitwa kutoa ushahidi mapema, na mengi niliyoulizwa yalikuwa ya mbuzi.

"Mlipokea mbuzi kutoka kwa mdaiwa, ni kweli?" aliuliza wakili wa bosi, mtu mzima mwenye adabu, anayeongea polepole.

"Baba mdogo alipokea kamba."

"Na kwa mila yenu mbuzi huyo ni wa kupatanisha?"

"Akiliwa."

"Yuko wapi sasa?"

"Nyumbani. Ana watoto. Akitaka kutoa ushahidi ninaweza kumleta."

Watu walicheka, hata hakimu akaweka kalamu mdomoni. Nilishuka kizimbani nikijiona mrefu. Baada yangu alisimama mama wa Beni. Kwa Kiswahili chake cha ng'ambo alieleza kila kitu: mukanda haikuwa na kifuniko tangu aanze kazi, fundi ndiye alisema mutoto apite nyuma. Wakili wa bosi alimuuliza kama ana kitambulisho cha kuishi Uganda.

"Sina, wakili. Niliomba, ningali nangoja."

"Kwa hiyo hata hapo kiwandani hukutakiwa kuwepo."

"Labda," alisema. "Lakini ile mukanda haikuuliza huyu mutoto kitambulisho mbele ya kumukata."

Hakimu alimwambia ajibu alichoulizwa tu, lakini aliandika.

Kisha mdogo wangu. Alisimama wima, na alijibu vizuri. Alijua kwamba mkanda ni hatari? Alijua. Aliwahi kulazimishwa kufanya kazi pale? Hapana. "Basi uliikubali hatari hiyo."

"Nilikubali kuchambua kahawa," alisema. "Mkono sikuukubali."

Wakili wetu aliitikia kwa kichwa kwa furaha. Ndipo yule mtu mwenye adabu akaomba kielelezo, na karani akaitoa leso kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa imechanika, nyeusi kwa grisi, na kwa kile kingine. Sikuwa nimeiona tangu siku ile. Aliikunjua taratibu mpaka ikagusa sakafu.

"Hii ni yako?"

"Ndiyo."

"Wenzako, walikuwa na vitambaa virefu kama hiki?"

"Hapana. Walivikata."

"Waliambiwa wavikate?"

"Tuliambiwa."

"Na wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kwa nini hukukata?"

Mdogo wangu aliitazama leso. Nilijua jibu, lilikuwa mdomoni mwangu. Nilisogea kwenye benchi, na askari wa mahakama akaweka kidole mdomoni kunionya ninyamaze. Nilikuwa nimeshatoa ushahidi wangu wote, juu ya mbuzi. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za leso, na mimi sikujua kwamba leso ya mama inaweza kuwa jambo la sheria.

"Jibu, binti," hakimu alisema, bila ukali.

"Sina jibu."

Wakili wetu alisimama akajaribu kumpa nafasi nyingine. "Kulikuwa na sababu yoyote ya kutoikata? Mweleze mheshimiwa."

"Hapana," alisema mdogo wangu. Na akashuka.

Nje, chini ya ukuta, nilimshika bega. "Kwa nini hukusema? Neno moja tu. Ya mama."

"Uliona alivyoishika?" alisema. "Ameibeba kwa ncha ya vidole kama kitambaa cha kudekia. Nimtaje mama mbele yake, aanze kuniuliza na yeye? Alikufa kwa nini, alikuachia nini, una hakika ni yake?" Alipangusa uso kwa kiganja alichobakiwa nacho. "Mkono wameutazama vya kutosha. Mama, hapana."

Wakili wetu alisimama kando akasikia yote. Akaenda kuongea na karani. Alirudi akasema ushahidi wa upande wetu umeshafungwa.

Siku ya hukumu hakimu alisoma kwa Kiingereza na mkalimani akatugeuzia kwa Lhukonzo, lugha yetu, sentensi kwa sentensi, hivyo kila jambo lilitufikia likiwa limechelewa kidogo. Mwenye kiwanda anao wajibu kwa walio ndani ya banda lake. Mkanda usiofunikwa ni kuvunja wajibu huo. Kurudi kwa umeme si kazi ya Mungu, kwa sababu kunatazamiwa, na hata kama kusingetazamiwa, kifuniko kingezuia. Kujua hatari si kuikubali, hasa kwa mtu aliyetumwa na fundi. Mbuzi hakuliwa, na aliyempokea si aliyeumia, ambaye ni mtu mzima wa kujisemea. Basi hapakuwa na mapatano. Kila sentensi ilikuwa kama mtu ananitua mzigo kichwani. Nilimshika mdogo wangu mkono.

Kisha mkalimani akasema, "Lakini."

Mdai alionywa akate kitambaa. Wenzake walikata. Alipoulizwa sababu, hakuwa nayo. Mahakama inaona kwamba alichangia madhara yake mwenyewe kwa theluthi moja, na fidia itapunguzwa kwa kiasi hicho.

Wakili alisema tumeshinda. Alilisema zaidi ya mara moja, na najua alikuwa na haki ya kulisema. Wengi hutoka mle bila kitu. Bosi naye alisimama palepale kumwambia wakili wake akate rufaa, na faili lilikwenda Mahakama Kuu, ambako liko mpaka leo ninapoandika. Lakini mdogo wangu hakuuliza habari za rufaa. Tulikuwa tumefika karibu na nyumbani ndipo aliponiuliza:

"Theluthi ni mpaka wapi? Vidole, au na kiganja?"

Nikamwambia aache.

"Nataka kujua tu kipi nilijikata mwenyewe."

Alicheka, na sikupenda kile kicheko. Tangu siku hiyo hakusema tena "ningejiangalia". Alisema, "theluthi yangu". Nilikuwa nimemtafutia mtu mkubwa aseme, na mtu mkubwa alikuwa amesema.

Likabaki suala la mbuzi. Kama hapakuwa na mapatano, wakili alitueleza, basi ni mali ya bosi, yeye na watoto wake. Wadogo walilia kuliko walivyolia siku ya Krismasi. Tulikwenda kiwandani asubuhi, mimi na mdogo wangu, yeye akishika kamba ya mama mbuzi, mimi nikiwaswaga watoto wake nyuma yake.

Bosi alitoka ofisini. Alimtazama mbuzi, akatutazama sisi tulivyokonda.

"Mmemlisha vizuri," alisema. Sijui kama ilikuwa dhihaka. "Mngekula tu, wanangu. Haya yote yangekwisha zamani."

Mdogo wangu alikuwa anatazama nyuma yake, ndani ya banda. Mashine ilikuwa inazunguka. Kifuniko kilikuwepo sasa, wavu wa chuma uliopakwa rangi nyekundu, mzuri, lakini kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Nyuma ya mashine, ndani ya vumbi, mwanamke ambaye hatukumfahamu alikuwa ameinama anafagia makapi, amejifunga kitenge usoni.

"Kifuniko kimetolewa," alisema mdogo wangu.

"Fundi anatia grisi. Kitarudi."

"Na yule dada?"

"Yule anajua mashine," alisema bosi.

Mdogo wangu alimkabidhi kamba. Aliivuka mizani, akawapita wanawake waliokaa sakafuni, akaenda mpaka nyuma, mahali palepale. Nilimwita, hakusikia, au hakutaka. Alijiingiza kati ya yule mwanamke na mkanda na kusimama, bega lisilo na mkono likiwa upande wa mkanda, na wanawake wote wakaacha kuchambua.

Fundi alikuja mbio, kopo la grisi mkononi.

"Dada, toka hapo. Utaumia."

"Zima."

"Dada, nakuomba—"

"Zima kwanza," alisema, "ndipo tuongee."

Fundi alimtazama bosi, aliyesimama mlangoni ameshika kamba ya mbuzi. Kisha akanyoosha mkono, akazima.